Saba: Neno Moja, Njia Mbili

Mwalimu wa Kiswahili afikaye Juba hana haja ya kuwafundisha wanafunzi wake neno saba, maana wanalo tayari. Katika Kiarabu cha Juba, lugha ya sokoni na mitaani, hesabu huenda hivi: sita, saba, tamanya, tisa. Matatu kati ya maneno hayo manne ni yale yale ya Kiswahili. Hata hivyo, hakuna aliyemwazima mwenziwe.

Asili ni moja, nayo ni Kiarabu, bali njia zilikuwa mbili. Pwani, saba ilikuja kwa pepo za kusi na kaskazi, pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi. Katika bonde la Naili, ilikuja na askari na wafanyabiashara waliotoka Khartoum katika karne ya 19. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua hadi Uganda askari waliokuwa chini ya Emin Pasha, na wazao wao Wanubi husema saba hadi leo. Huko njia mbili zikakutana.

Je, kabla ya hapo watu walihesabuje? Wadinka husema dhorou, na rou kwao ni mbili: yaani tano na mbili, mkono mzima na vidole viwili. Wajaluo husema abiriyo, kutokana na abich, tano, na ariyo, mbili. Washambaa husema mfungate, na wako wataalamu waonao humo maana ya kufunga tatu: katika vidole kumi, vitatu hukunjwa, saba hubaki wima. Wengine wamejumlisha, wengine wametoa. Kwa Waswahili neno hilo limetoka katika hesabu, likabaki katika fungate, siku saba za mwanzo wa ndoa.

Ujanja huo una sababu. Nane ni nne mara mbili, na jina lenyewe limetokana na nne na nne. Saba haikubali hivyo, kwa kuwa ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Hata ukigawa 1 kwa 7 wapata 0.142857142857, tarakimu sita zizungukazo bila kikomo. Tena, zidisha 142857 kwa 2, utapata 285714: tarakimu zile zile, kwa mfuatano ule ule, ila zimeanzia mahali pengine.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na wanafunzi wa Kiswahili huko wana haki ya kufundishwa vema. Basi, ndugu walimu, tusifurahie tu kwamba mtoto anaijua saba. Tumwulize pia kwao husemaje. Sisi tulipopata neno la kutufikisha mbali, hesabu iliyokuwa ndani ya jina la kale ilifichika. Mtoto wa Kidinka angali nayo kinywani. Tukimkataza kuitamka darasani, tutakuwa tumempa neno na kumnyang'anya hesabu.