Gari la kukodi: Jinsi ya kulikagua unapolichukua na unapolirudisha

MIVUTANO mingi kati ya wakodishaji wa magari na wateja wao haizuki barabarani bali siku ya kurudisha ufunguo. Mkwaruzo huonekana mlangoni. Mwenye gari hushikilia kuwa haukuwapo, naye mteja huapa kwamba aliukuta. Asiye na ushahidi ndiye huumia, na aghalabu huwa ni mteja, kwa sababu pesa zake za amana tayari zimo mikononi mwa mwenye gari.

Katika mitaa ya magharibi mwa Nairobi kama vile Spring Valley, Westlands na Loresho, magari haya hukodiwa na wageni walio kazini, Wakenya waliorejea kutoka ng’ambo kwa likizo na familia zinazoelekea mashambani kwa harusi au mazishi. Mara nyingi gari huletwa hadi langoni, alfajiri au jioni, mteja akiwa na haraka ya safari. Haraka hiyo ndiyo chanzo cha hasara.

Mwangaza kwanza

Gari likaguliwe mchana, mahali pa wazi. Kivuli cha miti, au giza la maegesho yaliyo chini ya majengo, huficha mibonyeo. Maji ya mvua na vumbi jekundu nayo huficha mikwaruzo. Gari likiwa chafu, lioshwe kwanza. La sivyo, fomu ieleze kuwa lilikabidhiwa likiwa hivyo.

Ukaguzi uanzie mlango wa dereva, ulizunguke gari lote na kurejea palepale. Picha zipigwe kutoka pembe zote nne. Kila kasoro ipigwe picha mbili: moja ya karibu, nyingine ya mbali inayoonyesha ilipo. Sehemu zinazosahauliwa ni upande wa chini wa bampa ya mbele, ambao hukwaruzwa na matuta, kingo za rimu, paa na kioo cha mbele. Alama ndogo ya jiwe kiooni huweza kugeuka ufa mrefu kutokana na joto na mashimo ya barabarani, kwa hivyo isidharauliwe.

Magurudumu na injini

Ubavuni mwa tairi huwa na tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye nyufa likataliwe hata kama meno yake bado ni marefu. Gurudumu la akiba, jeki, spana na pembetatu za tahadhari zionekane kwa macho. Kuambiwa kwamba vimo ndani ya buti hakutoshi.

Ufunguo ukizungushwa, taa za onyo kwenye dashibodi huwaka, kisha huzimika injini inaponguruma. Inayobaki ikiwaka iulizwe na kuandikwa. Breki, wipa, honi, taa, mikanda na kiyoyozi vijaribiwe kabla ya gari kuondoka. Picha moja ionyeshe kilomita pamoja na kiwango cha mafuta.

Swali la bima

Sheria ya Kenya, Sura ya 405, hulazimisha bima ya kugharimia madhara yanayowapata watu wengine. Lakini bima ya gari la matumizi ya binafsi kwa kawaida hailindi gari linalokodishwa kwa malipo. Mteja aulize kama cheti kinaruhusu ukodishaji wa kujiendesha. Hata bima kamili huacha kiasi fulani ambacho ni lazima mtu alipe kabla ya kampuni ya bima kugharimia kilichosalia. Kiasi hicho, na atakayekilipa, viandikwe kwenye mkataba kabla ya kutia saini.

Ajali ikitokea, dereva asimame na kutoa jina na anwani yake. Asipofanya hivyo kwa sababu yoyote ile, Sheria ya Trafiki humtaka aripoti kwa polisi upesi, na kwa vyovyote ndani ya saa 24. Taarifa ya polisi huhitajika katika madai ya bima, na mwenye gari aarifiwe kabla ya matengenezo yoyote.

Siku ya kurudisha

Ufunguo usiachiwe bawabu. Pande zote mbili zilizunguke gari pamoja, zikilinganisha hali yake na fomu ya kwanza, kisha zitie saini upya. Picha zipigwe tena kutoka pembe zilezile. Uchakavu wa kawaida si deni la mteja. Kukiwa na kasoro mpya, mteja adai makadirio ya fundi na risiti, badala ya kukubali pesa zikatwe kwa kukisia.

Maafikiano yakishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na sheria huitaka iamue kesi ndani ya siku 60. Mlalamishi si lazima awe na wakili, ila hana budi kuwa na mkataba, risiti na picha zake.

Ukaguzi huo humlinda pia mwenye gari mwaminifu dhidi ya mteja mkaidi. Wahenga walikwisha kusema kuwa mali bila daftari huisha bila habari.