Kupata kikundi cha kusaidiana kwa anayetaka kuacha pombe

Katika parokia zetu nyingi mlevi anatajwa mara mbili: katika maombi, na siku anapofungiwa Meza ya Bwana. Kati ya siku hizo hana mahali pa kusema, "Nimeshindwa kuacha, mnisaidie." Kikundi cha kusaidiana ni mahali hapo.

Kikundi ni nini

Ni watu wachache wanaopambana na pombe, iwe bia, kasiksi, kanyanga ao lutuku, ambao wanakutana kila juma. Kila mmoja anasema habari zake mwenyewe, si za jirani. Hakuna malipo.

Wazo hili si geni kwa Waprotestanti. Mwaka 1877, huko Geneva, mchungaji Louis-Lucien Rochat alianzisha Croix-Bleue, yaani Msalaba wa Buluu. Walevi walitia sahihi ahadi ya kutokunywa kwa muda fulani, kisha wakaifanya upya. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, Bill Wilson alimtafuta mlevi mwenzake, daktari Bob Smith, kwa sababu aliona kwamba kumsaidia mwingine kulimzuia yeye mwenyewe kurudia chupa. Ndivyo walivyoanza Alcooliques Anonymes. Sharti lao la kuingia ni moja tu: kutaka kuacha.

Kwanza, pita kwenye kituo cha afya

Anayekunywa kila siku, hasa anayetetemeka asubuhi mpaka apate kikombe, asiache ghafula akiwa peke yake. Saa chache baada ya kikombe cha mwisho anaweza kutetemeka, kutoka jasho na kutapika. Katika siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwapo, hata kufa. Ni mwili uliozoea pombe. Tusikimbilie kusema ni pepo. Maombi yaendelee, lakini kumfungisha bila maji ao kumfunga kamba katika chumba cha maombi kunaweza kumuua. Muganga ana dawa za kutuliza hali hiyo, pamoja na vitamini B1 ya kulinda ubongo.

Kutafuta wapi

1. *Kituo cha afya.* Uliza muganga mkuu wa kituo ao RECO wa mtaa wako: nani katika zone hii anashughulikia afya ya akili? Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME. Kwa ajili ya usalama, ulizia kwanza kama njia iko wazi.
2. *Mtu aliyeacha.* Karibu kila parokia inaye. Mwulize nani alimsaidia.
3. *Mchungaji ao shemasi unayemwamini.* Si lazima kujitaja, sema, "Nina ndugu anayetaka kuacha." Uliza pia makanisa ya jirani, hata Wakatoliki. Ulevi hauulizi dhehebu.
4. *Simu.* Alcooliques Anonymes wana mikutano kwa Kifaransa kwenye intaneti, kwa mwenye mega.

Dalili za kikundi kizuri

- Yanayosemwa ndani hayafiki mimbarani wala kwa wazee wa kanisa.
- Hakidai sadaka na hakikatazi dawa za muganga.
- Kinakutana mbali na nganda, kwenye saa za jaribu: jioni, ao siku ya posho.
- Wamama wana saa yao. Mama anayekunywa anabeba aibu mara mbili, na hatafungua kinywa mbele ya wababa wa mtaa wake.
- Aliyeanguka anapokelewa tena juma linalofuata.

Kama hakuna kikundi

Wawili wanatosha, na Matayo 18:20 haidai wengi zaidi. Chagueni siku moja, saa moja, na mahali pasipo macho ya watu. Kila mmoja ajibu maswali matatu: Juma hili lilikuwaje? Wapi nilikaribia kuanguka? Jaribu likija, nitampigia nani simu? Saa moja inatosha, kisha ombeni.

Familia nayo inahitaji wenzake. Mke anayelipa madeni ya nganda kwa siri, ao anayemdanganya mkubwa wa kazi kwamba mume ana malaria, anachoka na hamponyi mumewe. Wake wawili wenye mzigo huo wanaweza kukutana hata kama waume bado wanakunywa.

Neno kwa wazee wa kanisa

Watu wanajificha kwa sababu wanaogopa kutengwa. Baraza la wazee likate shauri mapema, na kulitangaza mbele ya washarika wote: anayekuja kikundini kwa mapenzi yake hatawekwa chini ya nidhamu kwa ulevi alioungama humo. Jambo moja tu halifichwi: hatari juu ya maisha ya mtu, hasa mtoto. Hilo lisemwe wazi tangu mkutano wa kwanza.

Yakobo 5:16 inaweka maungamo na uponyaji katika mstari mmoja. Parokia ikiyatenganisha, mlevi atanyamaza, na tutasikia habari zake siku ya mazishi.