Kiwete, Kilema na Mlemavu: Maana na Sababu za Ulemavu wa Miguu katika Historia ya Nairobi

Katikati ya jiji la Nairobi, kwenye Barabara ya Kenyatta, zipo sanamu za askari na mpagazi zilizosimamishwa mwaka 1928 kuwa kumbukumbu ya Vita Vikuu vya Kwanza. Maandishi yake ya Kiswahili yanawasifu wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Sifa hiyo ni nzuri, ila haisemi lolote juu ya miguu ya wapagazi wenyewe. Kati ya 1914 na 1918 watu hao walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, wakatembea pekupeku miezi kwa miezi chini ya mizigo, na waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Miongoni mwa adha zilizowaangusha njiani ilikuwa funza.

Mdudu huyu si wa asili ya Afrika. Aliletwa kwa meli kutoka Brazili hadi pwani ya Angola mwaka 1872, akafuata njia za misafara, na kabla ya karne ile kwisha alikwisha kufika Afrika Mashariki. Jike hujichimbia katika ngozi ya mguu, hasa penye kucha, akavimba kwa mayai. Asipotolewa vema jeraha huingia uchafu, kidole huoza, na mtu huenda chopi. Wasemaji wa Kiswahili hawakukawia kumpa jina. Neno funza lilikuwapo tayari kwa maana ya buu, likapanuliwa. Na tekenya, jina lake la pili, lina umbo lile lile la kitenzi cha kumgusagusa mtu kwapani hata acheke. Wakikuyu walimwita ndutu. Hivyo mdudu alipata majina, lakini yule aliyelemazwa naye hakupata jina jipya: aliitwa kiwete, sawa na aliyezaliwa hivyo, aliyeanguka mtini au aliyepigwa risasi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kiwete, kilema, kiziwi na kipofu ni majina ya umbo la KI-VI, ingawa upatanisho wake ni wa viumbe hai: husemwa kiwete amefika, si kimefika. Imezoeleka kudaiwa kuwa kiambishi hicho ni alama ya dharau. Dai hili lisipewe uzito kupita kiasi, kwani kijana, kiongozi na kinyozi nao wamo humo humo na hawajalalamika. Lililo zito zaidi ni kwamba jina la namna hii humfumbata mtu mzima ndani ya hali yake, na halidokezi chanzo. Kilema, hasa, ni dosari na ni mwenye dosari pia.

Magharibi ya jiji, huko Kabete, mambo ni mengine. Pana maabara ya mifugo tangu 1910, na tangu 1962 mafunzo ya shahada ya udaktari wa mifugo. Kwa mganga wa wanyama kuchechemea ni dalili tu. Hatosheki mpaka ajue kama kasoro imo katika kwato, kiungo, msuli au mshipa wa fahamu. Lugha ya wafugaji nayo huenda njia hiyo. Ugonjwa wa miguu na midomo hutajwa kwa mahali malengelenge yanapotokea; homa ya siku tatu kwa muda wake, maana ng'ombe huchechemea kisha akapona; chambavu, unaovimbisha misuli ya paja, una jina lake peke yake. Ng'ombe, basi, ametendewa haki na msamiati kuliko mpagazi.

Kwa binadamu mabadiliko yalikuja polepole. Chama cha kuwasaidia walemavu wa viungo kilianzishwa nchini Kenya mwaka 1958, zama ambazo polio ilikuwa ikiwapoozesha watoto wengi kwa kuharibu chembe za fahamu katika uti wa mgongo. (Virusi vya asili vya polio vilitangazwa kuwa vimetoweka Afrika mnamo Agosti 2020.) Umoja wa Mataifa uliufanya 1981 kuwa mwaka wa watu hao, na neno mlemavu, lenye kiambishi cha watu, likazidi kuenea. Kisha Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, ikaifanya lugha yenyewe kuwa suala la haki: mtu mwenye ulemavu asiitwe wala asitajwe kwa namna ya kumdhalilisha.

Wapo wanaodhani kuwa mwenye ulemavu ni tafsiri tu ya Kiingereza cha ofisini. Methali ya zamani, ukenda kwa wenye chongo vunja lako jicho, yaonyesha kuwa muundo huo ulikuwamo katika Kiswahili kabla ya katiba yoyote. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye matege: matege ni miguu iliyopinda, aghalabu kwa upungufu wa vitamini D utotoni, na hakuna Mswahili aliyewahi kumwita mtu tege.