Mnyonya damu wa kanda ya video: filamu ya "Beverly Hills Vamp" na mipaka ya kicheko

"Beverly Hills Vamp" ni filamu ya Marekani ya mwaka 1989 iliyoongozwa na Fred Olen Ray, ikakusudiwa kutazamwa nyumbani kwa deki wala si katika kumbi za sinema. Kwa jina ni filamu ya kutisha; kwa tabia ni kichekesho. Neno "vamp" katika jina lake lina maana mbili: mwanamke anayenasa wanaume kwa mapozi yake, na ufupisho wa neno la Kiingereza la mnyonya damu, yaani maiti anayefufuka usiku na kuishi kwa damu ya walio hai.

Kisa chake ni chepesi. Vijana watatu wapenda sinema, wenye ndoto nyingi kuliko fedha, wanafika Hollywood wakitafuta mtu wa kununua mswada wao wa filamu. Wanaingia katika nyumba ya starehe ya Madam Cassandra, ambaye pamoja na wasichana wake ni wanyonya damu. Madam huyo amechezwa na Britt Ekland, mwigizaji kutoka Sweden aliyekuwa tayari na jina kubwa kwa filamu ya James Bond ya mwaka 1974. Kijana mwoga na mwenye maneno mengi, ambaye ndiye anayepaswa kuwakomboa wenzake, ni Eddie Deezen, aliyeonekana katika "Grease" mwaka 1978. Mwenzake mmoja ni Tim Conway Jr., mtoto wa mchekeshaji maarufu wa televisheni, ambaye baadaye alikuja kuwa mtangazaji wa redio mjini Los Angeles.

Si kazi ya kutukuzwa. Mizaha yake mingine hurudiwa hadi ikachuja, na jinsi inavyowaonyesha wanawake ni ya sokoni kabisa. Hata hivyo inafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu inaonyesha wazi namna filamu za aina yake zilivyotengenezwa.

Katika miaka ya 1980 maduka ya kukodisha video yalienea Marekani kila mtaa. Kanda moja ya filamu mpya iliuziwa duka kwa bei kubwa, mara nyingi dola 70 au zaidi, kwa kuwa duka lingeikodisha mara nyingi na kurudisha fedha zake. Kwa hesabu hiyo, mtayarishaji hakuhitaji mamilioni ya watazamaji. Nakala elfu chache zilitosha kumrudishia gharama, mradi filamu iwe imetengenezwa kwa bei ndogo. Ray alijulikana kwa kasi. Filamu iliweza kupigwa kwa siku chache, katika nyumba moja au mbili. Mwigizaji mwenye jina alikodiwa kwa muda mfupi, lakini sura yake ikachapishwa kubwa juu ya jalada. Mteja aliyesimama mbele ya rafu aliamua kwa jalada na jina tu, kwani hakuwa na kingine cha kuamulia.

Filamu ya namna hiyo huishi kwa kukopa. Haina fedha za kumjengea mtazamaji ulimwengu mpya, hivyo hutegemea anachokijua tayari: mnyonya damu ana chonge ndefu, hulala katika jeneza, huogopa msalaba na kitunguu saumu, haonekani katika kioo, na huuawa kwa kigingi cha mti moyoni. Mengi ya hayo yamo katika riwaya ya Bram Stoker, "Dracula", ya mwaka 1897. Lakini kufa kwa mwanga wa jua hakumo. Dracula wa Stoker hutembea mchana, japo nguvu zake hupungua. Jua lilianza kuua katika "Nosferatu", filamu ya Ujerumani ya mwaka 1922, iliyotengenezwa bila idhini ya mjane wa Stoker. Mahakama iliamuru nakala zake ziteketezwe. Baadhi zilinusurika, na kanuni ile ya jua ikanusurika pamoja nazo.

Mzaha bora kabisa wa "Beverly Hills Vamp" unategemea kukopa huko. Padri anayeitwa kuwasaidia vijana amechezwa na Robert Quarry, ambaye mwaka 1970 alikuwa mnyonya damu mwenyewe katika "Count Yorga, Vampire". Anayeijua filamu ile ya zamani hucheka mara tu padri anapoingia. Asiyeijua humwona padri tu.

Hapa ndipo mtazamaji wa Kiswahili anapokutana na ugumu. Filamu za kigeni zimefika Afrika Mashariki kwa kanda na diski zilizonakiliwa, zikaonyeshwa katika vibanda vya video huku mfasiri wa papo kwa papo akizisimulia juu ya sauti za waigizaji. Msimuliaji hodari huweza kufanya hata filamu mbovu ichekeshe. Lakini amwite nani mwenye chonge?

Neno lililo karibu zaidi ni mumiani, nalo lina historia yake. Asili yake ni Kiajemi, na lilifika pwani kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kuwa ni kitu cheusi mfano wa gundi, kinachotumiwa kama dawa. Uvumi ulisema dawa hiyo hupatikana kwa damu ya binadamu, na jina likahamia kwa wanaosadikiwa kuitafuta damu hiyo. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi wa aina hii wakati wa ukoloni, anaeleza jinsi wazimamoto walivyotuhumiwa kunyonya damu nchini Kenya na Uganda. Mumiani hana jeneza wala haogopi kitunguu saumu. Ana gari, sare na mwajiri.

Tena hajawa wa kuchekwa. Septemba na Oktoba 2017, uvumi wa wanyonya damu ulienea kusini mwa Malawi, hasa katika wilaya za Mulanje na Phalombe zinazopakana na Msumbiji. Makundi ya watu yaliweka vizuizi barabarani na kuwaua waliowashuku. Umoja wa Mataifa uliwaondoa wafanyakazi wake katika wilaya hizo, serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku, na Rais Peter Mutharika akaenda mwenyewe kuwatuliza wananchi. Mauaji yalifika hadi jiji la Blantyre, na polisi wakawakamata watu zaidi ya 100.

Kwa sababu hiyo "mnyonya damu", ingawa ni maneno mawili yasiyo na ladha kubwa, yanafaa zaidi kwa Madam Cassandra. Yanamwacha katika jumba lake la Beverly Hills. Mfasiri akimwita mumiani, baadhi ya waliokaa kibandani watamkumbuka mtu wanayemjua.