MTANGAZAJI NA JINA LA WIMBO: HUGH TRACEY KATI YA KAPKATET NA JADOTVILLE

Msafiri atokaye Gilgil kwenda Nakuru hupita karibu na Kariandusi, juu ya Ziwa Elementaita, mahali ambapo Louis Leakey alifukua mashoka ya mawe mwishoni mwa miaka ya 1920. Mengi ya mashoka hayo, yenye umri wa takriban miaka milioni moja, yaliachwa palepale yalipoonekana, na hata leo mtazamaji huyakuta yamelala katika udongo wake. Mwaka 1950 alipita katika nchi hizi mkusanyaji wa namna nyingine, akaenda hadi Kapkatet kwa Wakipsigis, magharibi mwa Bonde la Ufa. Yeye alikusanya nyimbo, na wimbo hauachwi ardhini: ama unachukuliwa pamoja na maelezo ya mchukuaji, ama unapotea na mwimbaji. Mkusanyaji huyo alikuwa Hugh Tracey, mtangazaji wa redio. Makala haya yanahusu uwezo aliokuwa nao wa kuutambulisha wimbo usiojulikana kwa wasikilizaji wasioijua lugha yake.

Tracey alizaliwa Devon, Uingereza, mwaka 1903, akahamia Rhodesia ya Kusini angali kijana ili kulima tumbaku pamoja na nduguye. Huko alijifunza lugha ya Wakaranga waliofanya kazi shambani, akajifunza na nyimbo zao. Mwaka 1929 aliwapeleka vijana 14 hadi Johannesburg, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya Columbia. Tangu 1936 hadi 1947 alisimamia studio ya Durban ya shirika la utangazaji la Afrika ya Kusini. Baadaye, kwa msaada wa kampuni ya santuri ya Gallo, alianza safari ndefu za kunasa sauti, na mwaka 1954 akaanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika. Alifariki mwaka 1977, ameacha mfululizo wa santuri zaidi ya 200.

Yafaa tukumbuke kwamba katika kazi hiyo yote hakuacha kuwa mtu wa redio. Alizirudisha hewani nyimbo za watu ambao hakuna kituo kilichowajua, akizitanguliza kwa maelezo yake ya Kiingereza. Maelezo ya mtangazaji ni mafupi, nayo husemwa mara moja, lakini kwa msikilizaji asiyeijua lugha ya wimbo hayo ndiyo maana yote ya wimbo. Sisi tunaofundisha fasihi simulizi tumezoea kumhoji mfasiri wa utenzi neno kwa neno. Mtangazaji tumemwacha apite bila kuhojiwa.

Mfano ulio mashuhuri ni Chemirocha. Tracey alinasa nyimbo tatu zenye jina hilo kwa Wakipsigis mwaka 1950, na ya tatu, iliyoimbwa na wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, ndiyo iliyovuka bahari. Alieleza kwamba jina hilo linatokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini. Na kwamba wasichana walimdhania kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa. Kwa zaidi ya miaka 60 wasikilizaji wa Ulaya na Marekani wameufurahia wimbo huo kwa maelezo hayo. Maelezo ni ya Tracey. Waimbaji wenyewe hawakupewa nafasi ya kueleza.

Asili ya jina haina shaka. Katika lugha za Kikalenjin tofauti ya vipasuo ghuna na sighuna haibadilishi maana ya neno; kwa hiyo sauti ya kwanza ya Jimmie na ile ya katikati ya Rodgers zote mbili zimepokewa kuwa ch. Lakini jambo halikuishia katika matamshi. Neno limepata mwanzo wa Che-, unaosikika katika majina mengi ya kike, kama vile Chebet, Cheruto na Chemutai, na katika jina la Chemutoi mwenyewe. Ingawa yapo ya kiume pia, kwa mfano Cheruiyot. Mgeni wa kwenye santuri alikuwa amekwisha kuvikwa vazi la nyumbani. Watu wanaoweza kulifinyanga jina la kigeni hivyo hawakosi uwezo wa kufanya mzaha kwalo, na kwa maoni yangu mzaha ndio ungalipaswa kuchunguzwa kwanza. Wasichana wanaoimba pamoja juu ya mwanamume wa ajabu ni jambo linalojulikana katika fasihi simulizi ya Afrika ya Mashariki nzima, kuanzia unyago wa pwani hadi ngoma za bara, na mara nyingi huwa wanamcheka. Maelezo ya redio yaliugeuza ucheshi huo kuwa imani, na waimbaji wakawa watu wasiojua tofauti kati ya mtu na mnyama.

Hali ilikuwa tofauti kabisa kwa Mwenda Jean Bosco. Tracey alimkuta Jadotville, ambayo leo inaitwa Likasi, mwaka 1952, akipiga gitaa na kuimba, akamnasa mara moja. Wimbo wake wa "Masanga" ulipewa tuzo ya Osborn kuwa muziki bora wa Kiafrika wa mwaka ule. (Tracey, aliyezoea kuulalamikia muziki wa mjini, hakuweza kulizuia sikio lake mbele ya gitaa lile.) Naye Bosco alitambulishwa na mtu yuleyule, kwa Kiingereza kilekile. Lakini aliimba Kiswahili cha Katanga, na msikilizaji wa Nakuru au Nairobi hakumhitaji mtu wa kumweleza. Aliposikia ba- mahali pa wa-, au vidogo vya ka- na tu-, alitambua papo hapo kwamba anayeimba ni wa mbali na kwamba lugha ni yake pia. Aliweza kucheka, kubisha, au kuyaiga. Peter Colmore alimwita Bosco Nairobi, ambako alitangaza dawa ya Aspro redioni, na wapiga gitaa wa magharibi mwa Kenya wakaufuatisha mkono wake. David Rycroft aliuchambua upigaji wake katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hapa mtangazaji alifungua mlango tu, na walioingia walijionea wenyewe.

Isidhaniwe kuwa namlaumu Tracey kwa kupita Kapkatet. Asingalipita, tusingekuwa na sauti ya Chemutoi hata kidogo. Hata John Peel wa Uingereza, aliyewapigania wanamuziki wasiojulikana katika BBC tangu 1967 hadi alipofariki mwaka 2004, alisikilizwa na watu walioweza kumbishia kwa kuwa bendi nyingi alizozitetea ziliimba kwa lugha yao. Alipowapigia Bhundu Boys wa Zimbabwe, walioimba Kishona, wasikilizaji hao nao walibaki na neno la mtangazaji.

Katikati ya miaka ya 2010 maktaba ya Tracey, ambayo tangu 1978 imekuwa Grahamstown, ilishirikiana na mradi wa Singing Wells wa Ketebul Music kuzirudisha nakala za nyimbo hizo Kapkatet. Hatua iliyosalia ni ya wanaisimu: kuyaandika maneno ya nyimbo zote tatu kwa Kikipsigis pamoja na toni zake, kisha kuyafasiri moja kwa moja kwa Kiswahili bila kupitia Kiingereza cha mwaka 1950. Aliyekuwa msichana wa miaka 12 wakati ule sasa amevuka 80. Kutoka Egerton, pale Njoro, hadi Kapkatet ni safari isiyomaliza siku.