Historia ya umeme wetu tuianzie pia kwenye ampule

Kila mara tukiongelea historia ya umeme wa Katanga tunaongelea mabwawa. Mwadingusha 1930, Koni 1950, Nzilo 1952, Nseke 1956. Mimi nilisoma histoire, na hii orodha ningeweza kuisema hata usingizini, pamoja na majina yake ya kikoloni: Francqui, Bia, Delcommune, Le Marinel. Halafu Inga ya kwanza 1972, Inga ya pili 1982, na ule mstari wa karibu kilometa 1,700 unaotoka Inga mpaka Kolwezi. Yote ni kweli na ni ya maana. Lakini simama saa moja ya usiku katika lupango moja ya Katuba, uulize: juu ya nini hii nyumba inaangaza leo kuliko ilivyoangaza wakati wa babu? Bwawa halitakujibu vizuri. Mabwawa mengi ni yale yale, hata kama mashine nyingine zilitengenezwa upya. Kitu kilichobadilika ndani ya nyumba ni ampule.

Kwanza tukumbuke mabwawa yalijengwa kwa ajili ya nani. Union Minière ilihitaji umeme mwingi wa kusafisha shaba kwa elektrolisi, pale Shituru kwa Likasi na baadaye Luilu kwa Kolwezi. Shaba ndiyo iliyoita bwawa. Mstari wa Inga–Shaba nao ulifuata njia hiyo hiyo: ni umeme wa mkondo mmoja wenye volti nyingi sana, unabadilishwa Inga na tena Kolwezi, na katikati hauchotwi kama maji ya bomba. Kuna vijiji ambavyo watu wake wamezeeka wakitazama zile nyaya zikipita juu ya mashamba, na usiku wanawasha kibatari. Kwa hiyo taa ya nyumbani, hata hapa mjini, tangu mwanzo ilikula mabaki ya mezani. Mgeni mwenyewe alikuwa kiwanda.

Sasa mabaki yenyewe yanafika namna gani? Umeme unatoka kwenye kabine ukiwa na volti 220 au zaidi kidogo. Unapita nguzo kwa nguzo, nyumba zinaongezeka, waya ni ule ule wa zamani, na huko mwisho wa avenue unakuta volti 180, siku nyingine hata chini. Mangaribi ndiyo mbaya zaidi, juu kila mama amewasha resho. Makala imepanda bei. Na hapa ndipo ampule ya zamani, ile ya uzi ndani ya kioo, inakuwa adui wa masikini. Mwangaza wake haushuki sawasawa na volti, unashuka kwa kasi zaidi. Volti zikipungua kutoka 220 mpaka 180, yaani karibu asilimia 18 tu, mwangaza unapungua karibu nusu. Uzi unabaki mwekundu kama kaa linalokaribia kuzimika. Umeme uko, lakini kusoma hauwezi.

Wengi wetu tulisoma hivyo. Nilipokuwa G2, katika chumba tulichokaa watu wanne, tulikuwa tunalala saa mbili za usiku na kuamka saa nane, na haikuwa bidii peke yake. Ile saa resho zote za avenue zimezimwa, volti zimepanda, na ampule moja ya wati 60 inarudi kuwa ampule. Wazazi walidhani tunapenda sana masomo.

Tukitaka kuelewa kwa nini ile ampule ilidumu miaka zaidi ya mia moja bila mtu kuiondoa, turudi nyuma kidogo. Edison alionyesha yake mwaka 1879, Swan kule Uingereza alikuwa anafanya kazi ile ile, na mwanzoni mwa karne ya 20 uzi wa kaboni ulibadilishwa na wa tungsteni. Baada ya hapo, kwa mtu wa nyumbani, karibu hakuna kilichobadilika. Umeme uliouingiza ndani, karibu sehemu 95 kwa 100 zilitoka kama joto. Kwa kweli ilikuwa ni resho ndogo inayoangaza kidogo.

Hapo kuna hadithi inayozunguka sana kwenye WhatsApp, na ninaona tuinyooshe. Ni ya Phoebus. Desemba 1924, kwa Geneva, watengenezaji wakubwa wa ampule, kati yao Osram ya Ujerumani, Philips ya Uholanzi na Compagnie des Lampes ya Ufaransa, pamoja na kampuni zilizofungamana na General Electric ya Marekani, waliungana na kugawana masoko. Walikubaliana ampule ya kawaida isiishi zaidi ya saa 1,000. Walizipima kwenye maabara yao, na kiwanda ambacho ampule zake zilidumu kupita hapo kililipa faini. Hii haikutungwa na mtu, karatasi zipo. Muungano ule ulivunjika wakati wa vita vya pili.

Lakini wanaoipeleka hadithi hii wanaacha nusu yake. Ampule ya uzi ukitaka idumu, unapunguza joto la uzi, na ukipunguza joto unapata mwangaza mdogo kwa umeme ule ule. Kule Livermore, California, kuna ampule ya nyumba ya wazima moto inayowaka tangu 1901, na watu wanaitaja kama ushahidi kwamba "zamani walitengeneza vitu vya kweli." Hata hivyo leo inakula kama wati 4 tu na kuangaza kama utambi. Ningekupa hiyo usome TFC yako, ungeirudisha kesho yake. Mwaka 1951 tume ya Uingereza iliyochunguza biashara za ukiritimba ilisema wazi kwamba saa 1,000 zilikuwa mapatano yenye akili kati ya kudumu na kuangaza. Basi wale mabwana walikuwa walafi na hesabu yao haikuwa ya upuuzi, yote mawili kwa pamoja. Mwanahistoria hana ruhusa ya kuchagua moja kwa sababu inapendeza zaidi.

Ile ampule ya kusokotwa, tuliyoiita ekonomiki, nayo ina kisa chake. Edward Hammer, mhandisi wa General Electric, aliipinda mwaka 1976, wakati bei ya petroli imeitikisa dunia. Kampuni iliona kujenga viwanda vipya kutagharimu karibu dola milioni 25, ikaiweka kabatini. Wachina ndio walioitengeneza kwa wingi, katika miaka ya 1990. Kwetu ilifika baadaye na haikukaa sana: inachelewa kuwaka, inachukia umeme wa kucheza-cheza, na ndani yake iko zebaki kidogo. Watoto wetu waliichezea jalalani bila mtu kuwaambia kitu.

Sehemu ninayotaka tuisome polepole ni ya LED, juu inatugusa sisi wenye diploma mkononi. LED nyekundu ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962. Kijani nayo ilipatikana. Ya bluu ilikataa, na bila bluu huwezi kupata nyeupe. Miaka karibu 30 makampuni makubwa yalijaribu, mengi yakaacha. Waliobaki ni wachache wenye kichwa kigumu. Kwa Nagoya, Japani, profesa Isamu Akasaki aliendelea kuamini fuwele ya galiumu na nitrojeni ambayo wenzake waliisha kuitupa, na katika maabara yake alikuwamo kijana Hiroshi Amano, aliyeingia hapo akiwa bado mwanafunzi wa chuo. Katikati ya miaka ya 1980, akiwa anatayarisha masomo yake ya juu, Amano ndiye aliyefanikiwa kuikuza ile fuwele ikiwa safi. Kazi ya mwanafunzi, wandugu. Siyo ya ministeri.

Wa tatu ni Shuji Nakamura. Huyu hakuwa na doctorat. Alikuwa na masomo ya juu ya chuo cha Tokushima, chuo cha pembeni, na alifanya kazi katika Nichia, kampuni ya wilayani isiyojulikana sana. Alipopelekwa Florida mwaka mmoja, 1988, walimuona kama fundi, kwa vile hakuwa daktari. Alirudi nyumbani na hasira. Mwenye kampuni mzee, Nobuo Ogawa, alimpa pesa za mashine, na Nakamura aliivunja na kuiunganisha tena mwenyewe mpaka ikafanya alichotaka. Mwishoni mwa 1993 Nichia ilitangaza LED ya bluu yenye nguvu. Mwaka 1996 waliipaka unga wa manjano juu yake, na bluu na manjano vikachanganyika machoni mwetu vikawa nyeupe. Ndiyo ile ampule iliyoko kwenye dari lako.

Kwa hati ya uvumbuzi ule, kampuni ilimpa zawadi ya yeni 20,000. Ni pesa ya kununua mahitaji ya nyumba siku chache. Alienda mahakamani, mwaka 2004 mahakama ya Tokyo iliamua alipwe yeni bilioni 20, na mwaka uliofuata pande mbili zikapatana kwa karibu yeni milioni 840. Mwaka 2014 Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Nobel ya fizikia. Nasikia wengine wenu mnasema: "Ile ni Japani, huku hakuna hata mashine." Ni kweli, mashine hakuna. Lakini chuo cha pembeni, kampuni ya wilayani na dharau ya wenye diploma kubwa, hivyo tunavijua bila kufundishwa.

Nchi nyingine zilisukuma kwa amri. Kuba ilibadilisha ampule za uzi nyumba kwa nyumba kuanzia 2005. Umoja wa Ulaya uliziondoa madukani hatua kwa hatua kati ya 2009 na 2012, ukianza na zile za wati 100. Kwetu hakuna aliyegonga mlango. Soko ndilo lililobadilisha, boksi kwa boksi.

Na sasa swali ambalo kaka mmoja fundi wa umeme aliniuliza: "Mwenye analipa forfait, anahifadhi umeme juu ya nini?" Alikuwa na haki. Nyumba nyingi hazina kompteri. Ulipe ni ile ile uwashe ampule moja au kumi. Maneno ya "punguza bili yako", yaliyoandikwa kwa ajili ya Mzungu mwenye kompteri, hayatuhusu sana. Jibu langu ni hesabu. Chukua avenue yenye nyumba 50, kila nyumba ampule 5 za wati 60: ni wati 15,000. Weka LED za wati 9, zenye mwangaza ule ule au zaidi kidogo: ni wati 2,250. Umeondoa juu ya kabine karibu wati 12,750. Hautaona franga hata moja ikirudi mfukoni. Utaona volti zikipanda kwa jirani wa mwisho wa waya. Kwetu LED ni kitu cha ujirani kabla ya kuwa kitu cha bili, na nafikiri ndiyo sababu kampeni za kutafsiri kutoka Ulaya hazigusi mtu.

Tusijidanganye tena kwa upande mwingine: hizo wati 12,750 ni kama resho nane tu za wati 1,500. Avenue ya nyumba 50 ina zaidi ya nane. Anayetuambia ampule zitamaliza delestaje, muombe kwanza aongelee bei ya makala na ukubwa wa kabine.

Faida moja hata hivyo hakuna anayeweza kukunyang'anya. Soma pembeni ya boksi la LED: nyingine zimeandikwa 85–265V. Maana yake ndani iko saketi inayokubali volti zilizoshuka bila kupunguza mwangaza. Kwa 180 inaangaza kama kwa 220. Mwanafunzi wa leo hana haja ya kuamka saa nane za usiku. Boksi likiandika 220–240V peke yake, liache. Angalia pia lumeni, usiangalie wati: karibu 800 ndiyo ampule ya zamani ya wati 60. Na kama nyumba haina plafo, usifunge ampule juu kabisa karibu na mabati yenye moshi, yanameza mwangaza. Ishushe. Ikitoka meta 3 juu ya meza ikaja meta 1.5, daftari lako linapata mwangaza mara nne. Ukuta ukipakwa chokaa nyeupe unarudisha sehemu kubwa ya mwangaza ambayo tofali tupu inaimeza. Ndoo ya chokaa inaweza kukupa zaidi kuliko ampule ya pili.

Ninachotafuta sasa ni kumbukumbu za wazee. Wenye baba au babu aliyekaa kambi za Union Minière au Gécamines, muwaulize: ampule zilikuwa ngapi kwa nyumba, za wati ngapi, nani aliibadilisha ikiungua, na je, ile ya zamani ilipaswa kurudishwa kwanza? Mniandikie na mwaka, na jina la kambi.