LUGHA NA MSHIKAMANO WA KIMATAIFA: WAKUBA KATIKA KONGO YA MASHARIKI, 1965

Wengi walioandika juu ya ujamaa wa kimataifa wameutazama kwa upande wa siasa, silaha na fedha. Ni wachache walioutazama kwa upande wa lugha. Lakini mtu aendaye nchi ya wenzake kwa nia ya kupigana pamoja nao hana budi kwanza kusema nao. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa Wakuba waliokwenda Kongo mwaka 1965, kwamba mshikamano usiopita katika lugha ya watu wa kawaida huishia kwa viongozi tu.

Baada ya Patrice Lumumba kuuawa Januari 1961, wafuasi wake hawakukubali kushindwa. Katika mwaka 1964 waasi walioitwa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki ya nchi, pamoja na mji wa Stanleyville, ambao baadaye uliitwa Kisangani. Mji huo waliupoteza Novemba mwaka huo huo, waliposhambuliwa na askari wa miavuli wa Ubelgiji walioletwa kwa ndege za Marekani. Ukingo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Fizi, ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizobaki mikononi mwao. Dar es Salaam nayo ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963, na huko ndiko Ernesto Che Guevara alikokutana na viongozi wa vyama vya ukombozi Februari 1965, akiwamo Laurent Kabila. Tarehe 24 Aprili yeye na kikundi cha kwanza cha Wakuba walivuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kibamba. Kwa jumla waliofika walizidi mia moja, na wengi wao walikuwa watu weusi, waliochaguliwa makusudi ili wasitambulikane kwa urahisi. Rangi iliweza kufanana, lugha haikufanana.

Hata hivyo, Kiswahili kilitangulia kuingia katika kikosi hicho kwa njia ya majina. Victor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo akaitwa Mbili, na Guevara mwenyewe akaitwa Tatu. Daktari mmoja alikuwa Kumi. Waliokuja baadaye walipewa maneno mengine: Oscar Fernández Mell akawa Siki, Emilio Aragonés akawa Tembo, na Carlos Coello akawa Tumaini. Majina haya yalifanya kazi mbili. Yaliwaficha wenyewe, kwani hakuna ambaye angedhani kwamba aliyehesabiwa wa tatu ndiye mkubwa wa wote. Tena yalikuwa ishara ya heshima kwa lugha ya wenyeji. Lakini ishara si mazungumzo. Ajuaye kuhesabu hajawa bado msemaji.

Guevara alijulishwa kwa Wakongo kuwa ni daktari na mkalimani wa Kifaransa. Kifaransa hicho kilimfungulia mlango wa viongozi, ambao wengi wao walikisoma shuleni. Lakini viongozi hao mara nyingi hawakuwapo vitani. Kabila alifika Julai, akakaa siku chache, akaondoka. Waliobaki mlimani walikuwa wapiganaji wa kawaida, ambao lugha yao ya kuonana na wageni ilikuwa Kiswahili, ile lugha iliyofika huko pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19 kupitia Ujiji. Na hicho nacho hakikuwa Kiswahili cha kamusi, bali Kiswahili cha Kongo, kwa watu ambao nyumbani walisema Kibembe na lugha nyinginezo. Pamoja nao walikuwapo wakimbizi wa Rwanda, wenye Kinyarwanda chao.

Neno moja latosha kuonyesha ugumu huo, nalo ni neno “dawa”. Kwa madaktari wa Kikuba dawa ilikuwa kidonge na sindano. Kwa wapiganaji dawa ilikuwa pia ile kinga ya mganga, ambayo humlinda mtu na risasi akishika miiko yake. Na aliyepigwa risasi alidhaniwa kuwa ameivunja. Kwa hivyo pande mbili ziliweza kutamka neno lile lile bila kusema jambo moja. Tarehe 29 Juni kituo cha Bendera kiliposhambuliwa, wapiganaji wengi walikimbia, na Wakuba wanne waliuawa.

Si haki kudai kwamba lugha peke yake iliharibu mambo. Ugomvi wa viongozi, nguvu za mamluki, na uamuzi wa nchi za Afrika zilizokutana Accra mnamo Oktoba, ambao uliifanya serikali ya Tanzania iombe msaada huo ukomeshwe, yote yalichangia. Wakuba waliondoka Novemba, siku chache kabla ya Mobutu kunyakua serikali. Lakini Guevara mwenyewe, alipoandika tathmini ya vita vile akiwa Dar es Salaam, alitaja miongoni mwa makosa yake kwamba hakujifunza Kiswahili upesi na vizuri. Kifaransa, alikiri, kilimkaribisha kwa wakubwa na kumweka mbali na wadogo. Ungamo hili lapaswa kupewa uzito na wanalugha, maana limetoka kwa mtu wa vitendo ambaye hakuwa na sababu ya kuisifu taaluma yetu.

Je, somo hilo lilieleweka? Kwa nusu tu. Huko Bolivia, mwaka 1967, Guevara aliwafundisha watu wake Kiketchua mapema. Lakini wenyeji wa bonde la Ñancahuazú walikuwa wasemaji wa Kiguarani. Coello alikuwamo, akiitwa Tuma, kipande cha lile jina la Tumaini, akafa Juni mwaka huo. Naye Freddy Ilanga, kijana Mkongo aliyekuwa mwalimu na mkalimani wa Kiswahili wa Guevara, alipelekwa Kuba, akajifunza Kihispania, akawa daktari huko. Katika safari hiyo yote ya mshikamano, aliyevuka mpaka wa lugha hadi ng’ambo alikuwa huyu kijana, wala si majemadari.